Debe la Zloti Elfu Mbili

Debe tupu haliachi kuvuma, walinena.
Hili linauzwa zloti elfu mbili na mia tatu,
waya mbali.

Łódź, Jumamosi, theluji imeshakuwa tope.
Ziemowit kavua kofia dukani kama aliyeingia kanisani.
Kijana Korneliusz anatupangia sabufa mbili sakafuni:
moja imezibwa pande zote,
nyingine ina tundu mgongoni, ngumi inapita.

"Hii ya kuzibwa ina adabu," asema.
"Ukiiambia nyamaza, inanyamaza.
Ya tundu inapumua, inashuka chini zaidi,
hadi pale sikio linapoziachia mbavu kazi.
Ila huchelewa kidogo kufunga mdomo."

Mume wangu akageuka kunitazama
hapo hapo, kwenye neno la mwisho.

Alipiga besi la nyuzi nne miaka thelathini na mmoja,
harusi za Zgierz, harusi za Pabianice,
mpaka yabisi ilipomla vifundo vya vidole.
Besi tuliliuza. Kwenye mbao za sebule
limebaki tundu la mguu wake wa chuma,
dogo kama punje ya dengu.
Hataki ngurumo, huyu.
Anataka kusikia kidole kinavyoachana na uzi.

Nami nilizungusha mikanda ya sinema
miaka ishirini na miwili, nyuma ya kioo kidogo.
Dhoruba zote nilizisikia kwa nyayo.
Ukumbi ule leo wanauza mazulia.
Nataka treni yangu inifikie kabla sijaiona.
Nataka mafuriko yangu.

"Mshika mbili," nikaanza.
"Moja humponyoka," akamalizia, "na itakuwa yangu."

Korneliusz akauliza chumba kina ukubwa gani.
Mita nne kwa nne na kidogo, tukasema,
na chini yetu anakaa Bi Wiesława.
Akalisukuma kando lile la inchi kumi na mbili:
huwezi kufuga fahali kwenye banda la kuku.
"Chukueni la inchi kumi, la kuzibwa.
Chumba kidogo hukuza sauti nzito.
Litakalopungua, kuta zenu zitaongeza."

Tukalipandisha ghorofa ya nne,
yeye mbele akitukana ngazi, mimi nyuma nikizihesabu.

Sasa, lipi mahali pake?
Kijana alituagiza jambo la aibu:
sanduku likae juu ya kochi, pale mnapokaa nyinyi,
kisha nyinyi mtambae.

Basi tukatambaa.
Magoti yangu ya miaka sitini na sita,
yake ya sabini, na muziki ukishuka noti moja moja.
Karibu na bomba la kupasha joto, besi liliumuka kama unga wa mkate.
Mlangoni, halipo kabisa. Limekwenda wapi?
Kando ya kabati, glasi za harusi yetu zikaanza kusengenyana.

Ngo, ngo, ngo: ufagio wa Bi Wiesława.
"Amewahi nusu pigo," akasema Ziemowit
bila kuinua kichwa.

Kati ya dirisha na rafu ya vitabu akatulia.
Kila noti na kimo chake.
Nikatambaa hadi kwake. Nikasikia kidole, naapa,
kikiachana na uzi.
Lile tundu la dengu lilikuwa shubiri moja kutoka pale,
si penyewe hasa. Sikusema.
Alikuwa ameshalifunika kwa kidole gumba.

Usiku ikawa zamu yangu, sauti nimeipunguza
kwa heshima ya ufagio.
Ziemowit kasinzia kwenye kiti alichokisogeza huko,
kiganja juu ya sanduku
kama anayempima mtoto homa.
Kwenye runinga ni uwanda mtupu, reli, nyasi.
Treni bado.
Nyayo zangu zimeshaijua.